Vani inayumba ikijaa watu

Swali: Naendesha vani kubwa ya abiria 15, nikiwa peke yangu iko poa ila ikijaa inayumba nyuma kwenye kona, ni shokapu?

Jibu: Yaweza kuwa, lakini anza na tairi ndugu yangu, pima upepo zikiwa baridi kabla hujatembea na ufuate kibandiko cha mlango wa dereva, halafu soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, yaani namba ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, mpira mzee hupasuka hata kashata (meno ya tairi) zikiwa nzima. Siti ya mwisho iko nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, kwa hiyo watu wakiwa wachache wakae mbele, na kwenye keria usipakie kitu, tafadhali sana! Mikanda wafunge wote.