Kupablishi pepa ya sheria ya kimataifa: mi nililipa dola 150, ngoja nikwambie kilichofuata

Mleta uzi hongera kwa masta. Umesema una tasnifu ya kurasa 112 kuhusu Tanzania kuondoa tamko lake la ile Ibara ya 34(6) ya Protokali (mkataba) iliyoanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, lile tamko linaloruhusu mtu binafsi na asasi kuishtaki nchi pale moja kwa moja, sasa umeletewa imeili inakuita profesa mheshimiwa wakati hata ajira bado, wanataka dola 300 wakuchapishe ndani ya wiki, unauliza ulipe au uache. Acha mkuu. Mi nililipa.

Ilikuwa 2016, ndo kwanza nimeajiriwa chuo fulani, kila nikikaa kantini naambiwa bila pepa hupandi cheo, nikakopa kwa shemeji nikatuma dola 150, siku ya tano pepa ikatoka na jina langu la ukoo wamelikosea. Nikaiprinti nikaiweka kwenye faili langu la kupanda daraja. Kamati ikaiangalia kama dakika mbili hivi, mzee mmoja akaniuliza tu, "Kijana, hii aliihakiki nani?" Nikabaki natoa macho, maana hakuna msomi mwingine aliyeisoma na kuipima kabla haijatoka. Haikuhesabiwa. Na hela sio ndo iliyoniuma sana, kilichoniuma ni kwamba ile mada siwezi kuipeleka tena jarida lingine maana imeshachapishwa, majarida ya maana yanataka kitu ambacho hakijatoka popote. Kwahiyo hela ikaenda na mada ikaenda nayo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia kipindi kile: majarida mengi makubwa ya sheria ya kimataifa hayadai hata senti kwa mwandishi ukipita njia ya kawaida. Ile bei ya kutisha unayoiona kwenye tovuti zao, mara nyingi ni kwa anayetaka pepa yake iwe wazi kwa kila mtu kuisoma bure, ni kuchagua tu, usipochagua unachapishwa vilevile ila msomaji ndo analipia au chuo chake. Mimi nilivyoona ile bei nilifunga ukurasa nikajisemea haya ni mambo ya wenye nazo. Ujinga mtupu.

Sasa pepa yenyewe. Tasnifu sio pepa, na kuipunguza kurasa haiifanyi iwe pepa. Pepa yangu ya pili ilikuwa ya maji ya Nile, nimekulia Shinyanga kwahiyo habari ya bomba la kutoka Ziwa Victoria na Misri kulalamika nimeisikia tangu niko sekondari. Nikaandika yote, makubaliano ya 1929 kati ya Uingereza na Misri, yale yanayosema hakuna kujenga mradi wa umwagiliaji au umeme kwenye Nile na maziwa yake bila Misri kukubali, nikaja uhuru, nikaja Nyerere, nikaja mpaka Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile wa 2010. Mhariri kaikataa siku ya kumi na moja, hata kwa wahakiki haikufika. Barua yenyewe mistari minne, wa maana mmoja: historia nzuri, hoja ni ipi?

Niliudhika wiki nzima aisee. Halafu nikarudi kusoma nyaraka zenyewe badala ya vitabu vinavyozielezea, na hapo ndo nikaona kitu. Tamko la Nyerere la Desemba 1961 lilisema mikataba ya nchi mbili mbili aliyoiacha Mwingereza itaendelea kwa miaka miwili, baada ya hapo ile ambayo haijahuishwa na sheria za kimataifa haziibakishi, basi imekufa. Lakini barua ya Tanganyika kuhusu Nile ni ya 1962, miaka miwili haijaisha, na inasema masharti ya 1929 hayaifungi Tanganyika, basi. Sasa kama fundisho la Nyerere ni kusubiri miaka miwili, mbona kwenye Nile hatukusubiri? Ina maana ule mkataba ulikataliwa kwa sababu nyingine kabisa, na watu wengi (mimi nikiwemo kwenye ile rasimu) wanavichanganya hivi vitu viwili kama kimoja. Swali moja tu hilo. Nikatupa kurasa 40 nikabaki na hilo, na ndo lililotoka.

Kwako naliona swali kama hilo limekaa palepale. Protokali haisemi chochote kuhusu nchi kuliondoa tamko lake. Rwanda ilipoondoa tamko lake 2016, wakati wa kesi ya mwanasiasa wa upinzani Ingabire, Mahakama ikasema sawa unaruhusiwa, ila inaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja. Sisi tukatoa taarifa Novemba 2019, ikaanza kufanya kazi Novemba 2020, yaani muda uleule wa mwaka mmoja. Huo mwaka umetoka wapi? Majaji waliutoa wapi, Mkataba wa Vienna wa sheria ya mikataba? Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika? Na ulikuwa na uzito gani kwa mtu aliyeko gerezani Tanzania aliyekuwa bado hajafungua kesi? Hiyo ni pepa. Sura yako ya historia ya Umoja wa Afrika iache maktaba ya chuo ipumzike.

Pa kupeleka: kuna African Human Rights Law Journal la Pretoria, linasomwa bure kwa hiyo hata wakili wa Mwanza ataiona, kuna Journal of African Law, kuna African Journal of International and Comparative Law. Fungua matoleo ya miaka mitatu uone wanaandika nini, usitume kwa jina kubwa tu. Halafu jarida moja kwa wakati mmoja! Zile za Marekani zinazoendeshwa na wanafunzi wa sheria ndo unaruhusiwa kutuma kumi kwa mpigo, hizi nyingine ukikamatwa umetuma mbili umejiharibia jina. Jina lako litoe kila mahali, maana wahakiki hawatakiwi kujua nani kaandika, mpaka kwenye propati (taarifa za ndani) za faili la Word, mi nilisahau na futinoti moja imeandika "kama nilivyoeleza kwenye tasnifu yangu", nikarudishiwa.

Kama chuo chako hakina hela ya databezi muulize mkutubi kuhusu GOALI, ni mpango wa kupata majarida ya sheria kwa nchi zetu, mi nilikaa miaka miwili naomba PDF kwa jamaa yangu aliyeko Uholanzi kumbe mlango uko hapohapo.

Na jiandae kusubiri, yangu ilichukua miezi 14 tangu kutuma mpaka kutoka. Mhakiki wa kwanza alisifia, wa pili aliandika kurasa tatu za kunichana, na ukweli ni kwamba huyo wa pili ndo alinisaidia.

Hiyo imeili usiijibu hata kukataa, ukijibu wanajua laini inapatikana. Weka hapa utangulizi wako, ukurasa mmoja tu, jina na chuo ufute, nitausoma Jumapili.