Jibu: Wale wawili wenye marungu mlangoni ni nani?

Mkuu, umeuliza kama hao wawili wa kwenye mlango wa hekalu la India Kusini ni miungu yenyewe. Hapana, ni walinzi wa mlango, dvarapala. Mungu mwenye hekalu yuko ndani, kwenye chumba chenye giza.

Ukitaka kujua hekalu ni la nani, usianzie usoni; meno yaliyochomoza na macho ya ukali utayakuta kwa walinzi wa Shiva na wa Vishnu pia, miungu wakuu wawili wa Wahindu. Anzia mikono ya nyuma, maana walinzi hawa mara nyingi wana mikono minne. Ikishika gurudumu na kombe la baharini, hekalu ni la Vishnu na walinzi ni Jaya na Vijaya. Mkuki wa ncha tatu ni Shiva. Kidole cha shahada kilichoinuliwa ni onyo tu, hakikwambii ni hekalu la nani.

Kanuni hii hukwama kwenye mahekalu ya Wapallava, ukoo wa wafalme wa India Kusini, karne ya 7 na ya 8, ambako walinzi wengi wana mikono miwili tu. Hapo tazama kichwa: kwenye hekalu la Shiva mmoja huwa na pembe, mwenzake makali ya shoka juu ya taji. Pembe hizo baadhi ya wataalamu huzisoma kama ncha za pembeni za mkuki wa Shiva, na ni tafsiri nzuri.

Mikono ikiwa imevunjika (ndiyo huvunjika kwanza, kwa kuwa imechomoza), geuka nyuma uone anayeutazama mlango: ng'ombe dume Nandi ni Shiva, Garuda, ndege anayembeba Vishnu, ni Vishnu.

Aliyechongwa ukutani upande wa kusini, juu ya nyati, ni Yama, mungu wa kifo na mlinzi wa upande huo wa dunia. Huyo ni kundi jingine kabisa.