Mume Mwairishi, karatasi hakuna, mama mgonjwa Galway, Ayalandi

Dada, pole kwa mama mkwe. Umesema mumeo aliingia Boston mwaka 2009 kwa ile ruhusa ya siku 90 bila viza, akanogewa na kazi za ujenzi, hadi leo. Sasa anataka kukimbia nyumbani wiki mbili kisha arudi.

Asipande ndege kwanza! Kutoka si shida, shida ni kurudi. Kwa sheria ya Marekani ya 1996, aliyezidisha muda wake kwa zaidi ya mwaka mmoja akitoka anafungiwa mlango miaka 10. Ndiyo maana Waairishi wengi huko huzika wazazi wao kwa simu, jeneza likiingia kanisani kwenye kioo cha sentimita kumi na tano.

Wewe una uraia wa Marekani, na yeye aliingia kihalali. Ndoa yenu inaweza kumpa njia akiwa humo humo, na ombi likishapokelewa anaweza kuomba kibali cha kusafiri kabla hajatoka. Muone wakili wa uhamiaji wiki hii. Walioingia kwa ile ruhusa ya bila viza, kama yeye, wana haki finyu mbele ya jaji.

Kuhusu shemeji anayesema "Waairishi hupendelewa": zamani kweli. Sheria ya 1990 iliwatengea asilimia 40 ya viza 40,000 kwa mwaka, miaka mitatu. Zimekwisha. Na Ayalandi yenyewe, baada ya kuwatetea watu wake kwa serikali ya Marekani miaka mingi, Januari 2022 ilifungua mlango kwa wasio na karatasi waliokuwa wameishi kwake kwa miaka. Mwambie na hilo.