Pima kwanza: majibu kwa wenye bunduki kongwe za mitutu miwili

Maswali ya safari hii yametoka Leicester, Minneapolis, Arusha, Maskati na kwingineko, na karibu yote yanazunguka palepale: mtutu umeharibika, mwingine unapatikana wapi? Nimechagua yenye faida kwa wengi. Nawaomba tena, mnapoandika nitajieni geji (kipimo cha upana wa tundu; nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), urefu wa chemba inamokaa risasi, nambari iliyopigwa chini ya mitutu na mihuri ya majaribio iliyo kando yake. "Bunduki ya babu ya mitutu miwili" haitoshi. Kwa maelezo hayo sina la kukusaidia.

Nina Webley & Scott ya geji 12, ya miaka ya 1920. Mtutu wa kushoto umebonyea. Mtandaoni nimeona mitutu ya Webley & Scott inauzwa peke yake. Nikiinunua itaingia? (Leicester)

Haitaingia. Hata ikiingia, haitakaa inavyopaswa.

Ndugu zangu, jina lililochorwa juu ya mtutu halisemi lolote kuhusu nundu iliyo chini yake, kile kipande cha chuma kinachoishika mitutu kwenye mwili wa bunduki. Bunduki hizi za Birmingham na London ziliunganishwa kwa mkono, moja moja. Fundi huwasha taa ya mafuta, kibatari kabisa, akapitisha moshi wake kwenye nundu na uso wa nyuma wa mitutu mpaka chuma kijae masizi. Anaifunga mitutu kwenye mtambo, yaani ule mwili wa bunduki, kisha anaifungua na kutazama. Palipogusana chuma na chuma, masizi yamehama. Anapiga tupa hapo tu, kidogo mno, anafukiza tena, anafunga tena. Anaendelea hivyo mpaka ndoano ya mbele ya nundu ikae sawasawa kwenye pini ambayo mitutu hufungukia, uso wa nyuma ulale juu ya uso wa mtambo bila mwanya, na komeo liingie kwenye meno yake bila kulazimishwa. Mitutu unayoiona mtandaoni ilipigwa tupa hivyo kwa ajili ya mtambo mwingine. Chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi kwa kutamani.

Mitutu isiyo ya bunduki yako inaweza kufaa pale tu ambapo bado ina chuma cha kupunguza, na fundi wa kweli yupo wa kukipunguza. Baada ya hapo unailipia majaribio upya, yaani kupigwa rasmi kwa shinikizo kubwa kabla ya kugongwa mhuri. Jumlisha gharama hizo zote kabla ya kufurahia bei ya mtandaoni.

Lakini mbona unataka mitutu mipya? Bonyeo si kifo cha mtutu. Fundi huingiza plagi ya kipimo cha tundu hilo, akalinyanyua bonyeo polepole kutoka ndani, akasawazisha nje. Kinachoamua ni unene wa chuma. Mafundi wa Uingereza kwa desturi hawapendi kuona ukuta wa mtutu chini ya inchi 0.020, karibu nusu milimita. Mpelekee mwenye kipimo cha unene apime pande zote za mtutu, kwa kuwa mitutu ya zamani mara nyingi ni minene upande mmoja na myembamba upande wa pili. Huenda ukatengenezewa kwa sehemu ndogo ya fedha ulizokuwa tayari kumtumia muuzaji usiyemjua. Na mpaka hapo usiipige.

Nimeshanunua mitutu ya Parker ya geji 16 kwa ajili ya Parker yangu ya geji 12. Fundi anasema haifungi. Kosa ni la nani? (Minneapolis)

Kosa ni la haraka. Parker Brothers wa Meriden, Connecticut, walitengeneza mitambo ya saizi mbalimbali na wakapiga nambari ya saizi kwenye nundu ya mitutu: 0, 1, 1½, 2 na kadhalika. Hiyo haina uhusiano wa moja kwa moja na geji. Tazama nambari iliyo kwenye mitutu yako ya awali na iliyo kwenye mitutu uliyonunua. Zikitofautiana, mrudishie muuzaji leo. Zikilingana, kazi ya tupa bado ipo, maana saizi moja haifanyi vipande viwili kuwa ndugu.

Kwa kuwa uko Marekani, tazama pia mkono wa juu unaofungua bunduki. Kwenye bunduki za Kimarekani kama Parker, Fox na L.C. Smith, mkono huo ukiwa mpya hukaa kulia kidogo ya katikati bunduki inapofungwa, na huelekea katikati kadiri komeo linavyolika. Fundi akikukabidhi mitutu mipya huku mkono umevuka kwenda kushoto, muulize amefanya nini.

Yapo mawili hukuyauliza. Chemba nyingi za geji 16 za kabla ya Vita vya Pili ni fupi kuliko risasi zinazouzwa madukani sasa, kwa hiyo ipimwe. Na kama unawinda bata, marisawa ya madini ya risasi (plumbi) yamepigwa marufuku Marekani nzima kwa ndege wa majini tangu 1991. Usijitetee kwa kutia marisawa ya chuma kwenye mtutu wa zamani. Yatakwaruza ndani na kutanua choki, ule mbano wa mdomo wa mtutu. Tumia ya bismathi, madini laini kuliko chuma, nayo yawe katika risasi za shinikizo dogo.

Mitutu ya damaski ni salama au si salama?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado linaletwa na picha ya maua mazuri ya chuma basi. Picha haipimi kitu.

Damaski ni vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa, vikazungushwa kwenye fimbo na kuunganishwa kwa moto na nyundo. Ipo iliyopita majaribio ya baruti isiyotoa moshi pale Birmingham na bado inapigwa. Ipo pia iliyooza ndani ya maungio huku nje inang'aa. Jicho haliwezi kuzitofautisha. Unatakiwa kuwa na mhuri wa majaribio ya baruti ya kisasa, na vipimo vya leo kuthibitisha kwamba mtutu haujapanuliwa na wasafishaji tangu siku mhuri ulipopigwa. Tundu hupimwa inchi 9 kutoka nyuma. Likipita kipimo chake, mhuri ule umekufa, na Uingereza kuuza bunduki ya namna hiyo ni kosa la jinai.

Huna mhuri, huna vipimo? Itundike ukutani kama sheria ya ulipo inaruhusu, na risasi usiisogeze karibu.

Naweza kuvalisha bunduki ya geji 12 mitutu ya geji 20?

Ukitengenezewa na fundi kwa mtambo wako, ndiyo. Lakini ukishakuwa na risasi za geji zote mbili nyumbani, tenganisha mifuko. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye mtutu wa geji 12 huteleza mbele na kukwama, juu yake ya geji 12 inaingia vizuri tu, na mtutu unapasuka mbele ya mkono wako wa kushoto.

Mitutu inacheza. Fundi anataka kuweka kipande cha bati kwenye ndoano ikaze. Nikubali? (Maskati)

Usikubali, mzee wangu. Bati litapondeka baada ya risasi chache na mwanya utarudi, ila sasa hutauona.

Jipimie mwenyewe: hakikisha bunduki haina risasi, toa ubao wa mbele, shika shingo ya kitako na uitikise ikiwa imefungwa. Ukisikia mlio wa chuma, pini au ndoano imelika. Dawa ni pini mpya iliyo nene zaidi, au ndoano kujazwa chuma kipya na kupigwa tupa kwa masizi kama nilivyomweleza ndugu wa Leicester. Nakusisitizia, usinunue mitutu mingine kabla ya kurekebisha mtambo. Wengi wanatupia mitutu lawama za pini.

Ukiwa umeifungua, ning'iniza mitutu kwa nundu yake kwenye kamba na uigonge taratibu kwa ukucha. Ikilia kama kengele, lehemu ya ukanda wa katikati unaounganisha mitutu ni nzima. Ikitoa sauti ya kukwaruza au iliyokufa, ukanda umeachia mahali, na maji yanaingia chini yake na kuila kutu usipopaona.

Fundi mmoja hapa anachomelea mageti. Anasema atakata mitutu iliyooza na kuunga mabomba mapya. Ni bei nafuu. (Arusha)

Hapana. Na mwambie hapana mbele ya mashahidi, asije akalijaribu kwa mwingine.

Najua amesikia wapi. Ipo kazi halali ya kuvika mitutu: mitutu ya zamani hukatwa inchi chache kutoka nyuma, kipande kile chenye nundu na chemba kinachongwa ndani, na mirija mipya ya feleji ya mitutu inaingizwa humo kwa kipimo cha nywele. Kisha kanda zinalehemewa, chemba zinachongwa na bunduki inarudi kwenye majaribio. Uingereza lazima ipigwe neno SLEEVED (imevikwa) ili mnunuzi ajue. Inaokoa bunduki nyingi kwa gharama ndogo kuliko mitutu mipya kabisa, ambayo ni maelfu ya pauni. Ila jihadhari na uzito: mirija minene inaivuta bunduki mbele, na hutaipenda tena mkononi.

Bomba la geti halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa viwango vya Marekani, shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa risasi ya kawaida ya geji 12 ni pauni 11,500 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari lako lina kama 30. Bomba la dukani kwa kawaida lina mshono ubavuni urefu wake wote, na mshono huo ndio utakaofunguka.

Tena kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mchomelea mageti si fundi wa silaha mwenye leseni. Na ukitaka kuagiza mitutu nje, anza na kibali cha polisi nyumbani, kisha cha nchi inakotoka. Ukilipa kwanza, mzigo utakwama na wewe utaitwa kuhojiwa.

Mdomo wa mtutu umepasuka kidogo. Nikate inchi ngapi?

Sikutajii inchi. Choki iko hapo mdomoni, ukikata umeitupa. Mitutu miwili imeelekezwa ikutane mbele, kwa hiyo ukikata utaona mwanya kati yake na kila mmoja utapiga kwake. Na ukishuka chini ya inchi 24 Uingereza, au 18 Marekani, umeingia kwenye aina nyingine ya silaha mbele ya sheria. Mpeleke fundi aone kwanza ilipasuka kwa nini. Mara nyingi ni tope au theluji iliyoziba mdomo, na mtutu wa namna hiyo unaweza kuwa umevimba nyuma ya ufa pia.

Nimeshavikwa mitutu mipya kabisa. Ile ya zamani niitupe?

Usitupe. Ina nambari ya bunduki na mihuri yake ya kwanza, na atakayeinunua kesho atalipa zaidi akiiona. Ipake mafuta ndani na nje, uiandikishe kwenye leseni kama ulipo panatakiwa hivyo, na ifungie pamoja na bunduki.