Niliizika Deep Purple Ikiwa Hai

Nilikuwa na sheria moja ya kijinga na niliishika kwa miaka mingi: bendi ikiondokewa na mtu wake mkubwa, basi kwangu imekufa. Deep Purple, bendi ya roki ya Waingereza, niliizika mwaka 1993, mpiga gitaa wao Ritchie Blackmore alipoondoka ziara ikiwa bado inaendelea. Kanda zao nilikuwa nazo tatu tu, zote nimerekodiwa na fundi redio wa mtaani kwetu, lakini matanga niliweka kana kwamba ni ndugu yangu.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenifufulia. Jioni moja nimekaa kibarazani kwake, gitaa likaanza kulia taratibu, likapanda, kinanda kikalifuata kwa chini. Nikamuuliza ni akina nani hao. Akaendelea na kazi yake ya kulehemu, hata hakunitazama. "Marehemu wako hao."

Ilikuwa albamu ya Purpendicular ya 1996, ya kwanza kwao na mpiga gitaa mpya, Mmarekani Steve Morse. Blackmore alipiga gitaa kama mtu mwenye ugomvi na jirani. Morse yeye ni fundi cherehani: noti ndogondogo, zinafuatana, uzi haukatiki. Nyuma yake Jon Lord alikuwa bado yupo kwenye kinanda, na Ian Paice kwenye dramu. Nilirudi nyumbani na aibu kidogo, maana nimejinyima muziki mzuri kwa kulinda heshima ya mtu asiyenijua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako unayeanza kusikiliza roki ya zamani: usiulize nani kaondoka, uliza nani kabaki na mgeni kapewa nafasi gani. Hiyo Deep Purple niliyokuwa naiita ya asili, iliyotoa Machine Head mwaka 1972, yenyewe ilishabadilisha watu. Bendi ilianza 1968, mwaka uliofuata mwimbaji na mpiga besi wakatolewa, wakaingizwa Ian Gillan na Roger Glover. Yaani "wenyewe" wangu walikuwa wageni! Aliyekuwepo katika kila kikosi ni Paice peke yake. AC/DC, bendi nyingine ya roki, nao walifiwa na mwimbaji wao Bon Scott Februari 1980, na Julai mwaka huohuo wakatoa Back in Black na mwimbaji mpya. Angekuwa na sheria kama yangu, mtu angeikosa albamu hiyo.

Na hapa nyumbani tunalijua jambo hili vizuri tu. NUTA Jazz imekuwa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, waimbaji wameingia na kutoka na wengine tumewazika, na watu wameendelea kwenda kucheza. Sijui kwa nini Waingereza niliwawekea masharti ambayo Msondo sikuwawekea.

Si kila anayebaki na jina anastahili pesa yako, lakini. Queen wananipa shida. Mwaka 2008 waliobaki, Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa dramu, walitoa albamu na Paul Rodgers, mwimbaji wa bluzi ninayempenda sana. Niliisikiliza mara mbili nikaiweka kando. Rodgers anaimba vizuri, ila kila wimbo unamfanya aonekane mgeni aliyekalishwa kiti cha mwenye nyumba. Na mwimbaji Adam Lambert hali ni tofauti: hajifanyi Freddie Mercury, marehemu mwimbaji wao, nao hawajatoa albamu mpya ya studio pamoja naye. Ile naichukua kama sherehe ya nyimbo, na kwenye sherehe mtu hapekui sana.

Ukitaka uzee wa kweli wa Queen, ingawa waliokuwemo hawakuwa wazee, sikiliza Innuendo. Ilitoka Februari 1991, Freddie akiwa mgonjwa, na Novemba 24 akafariki akiwa na miaka 45. Watu wanapiga picha Shangani, Unguja, kwa ajili ya mtoto huyu wa Mji Mkongwe, na wengi wanachokijua ni zile dakika ishirini za tamasha la Live Aid pale Wembley mwaka 1985. Mimi nawapeleka kwenye Mother Love, iliyotoka 1995 kwenye Made in Heaven. Ubeti wa mwisho anauimba May, kwa sababu Freddie hakurudi tena studio kuumalizia. Usiusikilize ukiwa kwenye daladala.

Kuhusu sauti, zoea mapema kwamba koo la miaka sabini si la ishirini na tano. Ninayemheshimu ni anayekubali. Gillan aliacha zamani kuuimba jukwaani ule wimbo wao wa mayowe, Child in Time, na hakufa mtu. Rolling Stones nao mwaka 2016 walirekodi Blue & Lonesome kwa siku tatu, nyimbo za mabluzi wakongwe watupu, na mwimbaji wao Mick Jagger hapo anapuliza kinanda cha mdomo kama kijana. Muziki ule unapendezwa na mikunjo.

Kama bado unabisha, fanya kama nilivyofanyiwa: mwambie mtu akuwekee nyimbo za miaka tofauti bila kukutajia jina wala kukuonyesha jalada. Anza na za zamani ili sikio lijue njia, kisha ruka. Miaka ya themanini ya baadhi yao unaweza kuipita kwa mwendo wa kasi.

Mimi mwenyewe sijapona kabisa. Morse aliondoka Deep Purple mwaka 2022 ili amuuguze mkewe, akaingia mpiga gitaa Simon McBride, na mwaka 2024 wakatoa albamu mpya. Mwanangu akaiweka sebuleni. Wimbo wa pili haujaisha nikasema, "Bila Morse hawa siyo wenyewe." Akaongeza sauti.