Kisima kilichoingiwa na maji ya choo baada ya mvua

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Tunakaa Majengo, Mombasa, na tunatumia kisima cha uani. Masika yalipofurika, shimo la choo la jirani lilijaa likamwagikia kisimani. Maji yakageuka rangi na kunuka. Leo siku ya sita harufu imekwisha. Tuyatawadhie, au lazima kisima kikaushwe kwanza? Na swala tulizoswali kabla ya kugundua?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi hapa Pwani, kwanza hutazamwa kiasi. Mtume (s.a.w.) amesema maji yakifika kulla mbili hayabebi uchafu. Kulla mbili ni kama lita 216: tangi la sentimita 60 kwa urefu, upana na kina. Kisima cha duara chenye upana wa mita moja hufikisha kiasi hicho kwa kina cha sentimita 28 tu. Teremsheni kamba yenye jiwe hadi chini, kisha mpime palipolowa.

Yakifika kulla mbili hayanajisiki ila najisi iyabadilishe rangi, ladha au harufu. Yenu yalibadilika, basi yalinajisika. Yakirudi hali yake kwa kukaa tu, au kwa kuongezeka maji mengine, yametwaharika. Yakiwa chini ya kiasi hicho, kutakata hakutoshi mpaka yaongezeke yafike.

Chotani gilasi moja, muiache usiku kucha. Rangi ya tope hutuama chini, na udongo hauharibu udhu. Ikibaki rangi au harufu ya choo, ngojeni. Msionje; maji yaliyotoka chooni hayajaribiwi kwa ulimi.

Kukausha si lazima, na wengi hapo hujitwisha kazi bure. Chini na kuta za kisima zimeshanajisika, kwa hivyo maji machache yanayochimbuka upya hunajisika papo hapo. Tena kisima cha kisiwani kikivutwa sana huleta chumvi. Chumvi haidhuru twahara, lakini mtaipikia chai?

Dawa ya klorini msiihesabu kuwa ndiyo iliyotwaharisha. Harufu yake hufunika harufu ya najisi, na kilichofunikwa hakijaondoka. Ikiwa mmeshaitia, acheni harufu ya dawa iishe ndipo mnuse na kuamua.

Swala mlizo na hakika kwamba udhu wake ulichukuliwa baada ya maji kubadilika, zirudieni. Mnazozishuku, hapana, asili ya maji ni twahara na shaka haiondoi yakini. Mwili na nguo zilizopatwa na maji yale zioshwe kwa maji safi. Nguo isitumbukizwe ndooni, kwani maji ya ndoo ni machache na yatanajisika yote: mwagieni maji juu yake yatiririke, mpaka athari ya najisi iondoke.

Jambo moja nisiloweza kulinyamazia: twahara si usalama. Jiwe la matumbawe lina matundu, na maji ya choo hupenya ndani yake hata uso wa nchi ukikauka. Maji yanaweza kuwa twahara kisheria yakabeba kipindupindu. Ya kunywa yachemsheni, yatokote dakika moja nzima. Na kwa kuwa kusukutua kwetu ni sunna, wala si nguzo ya udhu, sukutueni kwa yaliyochemshwa, na viungo vingine mtumie ya kisima. Wallahu aalam.