Kashushwa cheo, akaugua sonona: fidia ipo?

SWALI: Shikamooni. Mdogo wangu yuko California, Marekani, anafanya kazi ghalani huu mwaka wa pili. Msimamizi alimtukana miezi mingi mbele ya wenzake, kisha akampa barua ya onyo na kumshusha cheo. Sasa halali usiku, na daktari kasema ni sonona. Akidai fidia atalipwa? Na ingekuwa hapa Tabora?
Msomaji, Isevya

JIBU: Marahaba. Kinachoweza kumponza ni kule kushushwa cheo. Kifungu cha 3208.3 cha sheria ya kazi ya California kinataka awe amemtumikia mwajiri angalau miezi 6, hapo amevuka, na kazi iwe zaidi ya nusu ya chanzo cha ugonjwa. Lakini ikiwa asilimia 35 hadi 40 ya chanzo ni hatua ya kiutumishi (onyo, uhamisho, kushushwa cheo) iliyochukuliwa kihalali, kwa nia njema na bila ubaguzi, halipwi kitu. Kuthibitisha hilo ni mzigo wa mwajiri.

Ndiyo maana ripoti ya daktari ikisema tu "kazi imemletea sonona", dai hufia hapo. Daktari apime kila chanzo: matusi asilimia ngapi, barua ya onyo asilimia ngapi, mambo ya nyumbani asilimia ngapi. Matusi ya kila siku si rahisi kuyaita hatua ya kiutumishi, hivyo hapo ndipo penye nguvu yake.

Amjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30 na adai fomu ya kudai fidia, iitwayo DWC-1. Asingoje barua ya kuachishwa kazi! Dai likija baada yake masharti hukaza. Mojawapo ya vitakavyomwokoa ni rekodi za matibabu ya kabla ya barua hiyo ya kuachishwa.

Tabora milango ni miwili. Ugonjwa uliotokana na kazi huenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), kupitia taarifa kwa mwajiri, na dai lisivuke miezi 12. Uhalali wa hatua yenyewe huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kwa fomu namba 1: siku 30 tangu kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. (Mtumishi wa umma huanzia kwenye rufaa za utumishi.) Fungua madai yote mawili kwa pamoja. Anayengoja kwanza majibu ya Mfuko hujikuta siku hizo 30 au 60 zimepita, anaomba kuongezewa muda kwa fomu namba 2, na "nilikuwa nangoja Mfuko" ni sababu dhaifu.